Kiti Usichokikalia Hujui Uchungu Wake

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Leo nataka tuzungumze habari ya kiti, si ya kitanda, lakini maneno ya wahenga yatatufaa vilevile. Kiti chenyewe ni kile cha magurudumu wanachotumia walemavu wa miguu, ambacho wengi wetu hukiita wilchea, na siku hizi maofisini na hospitalini huitwa kitimwendo.

Bila shaka umewahi kuliona tukio hili, kama si kwa macho yako basi gazetini au kwenye televisheni. Kikundi cha waumini wa kanisa fulani kutoka Marekani au Ulaya kimewasili kwa safari ya kujitolea. Ni watu wa kawaida tu: mwalimu, muuguzi mstaafu, fundi wa magari, wanafunzi wawili watatu. Nauli wamejilipia, na likizo yao ya mwaka wameitoa sadaka. Kabla yao limekwishafika kontena la viti. Walemavu wameitwa kutoka vijiji na mitaa ya karibu. Wengine wamebebwa mgongoni, wengine wamesukumwa kwenye mkokoteni, wengine wametambaa. Kwaya inaimba. Kila mmoja anakalishwa kwenye kiti chake, anaombewa, anapigwa picha. Watu wanatokwa na machozi, na machozi yale si ya kuigiza. Baada ya siku kumi wageni wanaagwa na kurudi kwao.

Swali langu la leo ni hili: siku ya kumi na moja kunatokea nini?

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sikuja hapa kuwabeza watu wale. Mtu anayetoka mbali kuja kumwinua mwenzake kutoka mavumbini amefanya jambo ambalo wengi wetu, tunaompita mlemavu huyo huyo kila asubuhi kwenye kituo cha basi, hatujalifanya. Lakini wema nao unahitaji elimu. Na elimu ya kitu hiki kinachoitwa kiti cha magurudumu ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, kwa sababu kiti hicho hicho kinachomwokoa mlemavu mmoja kinaweza kumwua mwingine. Hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Tuanze na safari moja inayojulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mhandisi mmoja wa Kimarekani aitwaye Don Schoendorfer alikuwa akitembea na mkewe nchini Moroko. Katika mji wa Tetouan alimwona mwanamke akivuka barabara kwa kujikokota chini kwa mikono yake, na watu wakipita kana kwamba hawamwoni. Picha ile ilimkaa moyoni kwa takriban miaka ishirini. Bwana Schoendorfer alikuwa na shahada ya udaktari katika uhandisi kutoka chuo mashuhuri cha MIT, na kazi yake ilikuwa kubuni vifaa vya tiba. Miaka ya 1990 ilipokuwa ikielekea ukingoni alianza kuamka alfajiri, kabla ya kwenda kazini, na kujifungia katika gereji ya nyumba yake huko California akitafuta njia ya kutengeneza kiti ambacho maskini kabisa angeweza kupatiwa.

Jibu alilipata mahali ambapo kila mmoja wetu angeliliona. Ni kile kiti cheupe cha plastiki kilichojaa kwenye mabaa yetu, kwenye kumbi za harusi na kwenye misiba. Viti hivyo hutengenezwa kwa mamilioni, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Akakifunga juu ya fremu ya chuma, nyuma akatia magurudumu mawili ya baiskeli zile za kupandia milima, na mbele magurudumu madogo. Gharama ya kiti kimoja ikawa chini ya dola 50, wakati viti vya kawaida madukani kwao viliuzwa kwa mamia ya dola.

Januari 2001 kikundi cha kanisa lake kilikuwa kinakwenda India kwa safari ya kujitolea ya matibabu. Bwana huyu akafuatana nao, akiwa na viti vinne tu. Mjini Chennai kiti cha kwanza alipewa mvulana wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akibebwa na wazazi wake kila aendako. Kutokana na viti hivyo vinne likazaliwa shirika la Free Wheelchair Mission, ambalo hadi sasa limekwishagawa zaidi ya viti milioni 1 katika nchi nyingi za dunia.

Usishangae idadi hiyo, kwa maana mahitaji ni makubwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika kila watu 100 mmoja anahitaji kiti cha magurudumu. Kwa dunia nzima hiyo ni kama watu milioni 80. Tupige hesabu ya nyumbani. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania milioni 61.7. Asilimia moja yao ni zaidi ya watu laki sita, yaani watu wa mji mzima mkubwa. Sasa jiulize wewe mwenyewe, katika mtaa wenu ni wangapi umewaona kwenye viti hivyo? Wengine wako ndani. Hawaonekani kwa sababu hawatoki, na hawatoki kwa sababu hawana cha kutokea.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: basi na vije viti, vije kwa makontena, kwani kiti chochote si bora kuliko kutokuwa nacho? Hapa ndipo naomba usikilize kwa makini.

Wewe unayenisikiliza umekaa. Tangu nianze kuzungumza umekwishajisogeza mara kadhaa bila kujua. Umeegemea huku, umeegemea kule, umenyoosha mguu. Unafanya hivyo kwa sababu chini ya makalio yako kuna mifupa miwili inayobeba uzito wa mwili, na nyama iliyobanwa kati ya mifupa hiyo na kiti inakosa damu. Ikikosa damu inauma kidogo, nawe unajisogeza, na damu inarudi. Hiyo ni rehema tuliyopewa bila kuiomba.

Sasa mfikirie kijana aliyeanguka kutoka juu ya mwembe au mnazi, au aliyepata ajali ya pikipiki, akavunjika uti wa mgongo. Huyu si kwamba miguu imekufa tu. Hata hisia zimekatika. Kile kiuma kidogo kinachotuambia tujisogeze hakimfikii. Ukimkalisha juu ya plastiki ngumu au turubai iliyonyooshwa kati ya vyuma viwili, atakaa saa nne, saa tano, akiwa na furaha ya kutazama barabara, na huku nyama inakufa kimya kimya. Kinachoanza ni wekundu au weusi wa ngozi, kisha lengelenge, kisha kidonda. Mara nyingi uharibifu huanza ndani karibu na mfupa, kwa hiyo kidonda kinapoonekana nje kama sarafu, ndani kinaweza kuwa kama kikombe. Wadudu wa maradhi wakiingia humo wanaweza kuenea katika damu, na mgonjwa anaweza kufa.

Usidhani haya ni mambo ya maskini peke yao. Wapenzi wa sinema wanamkumbuka Christopher Reeve, yule aliyecheza Superman. Alivunjika shingo mwaka 1995 alipoanguka kutoka kwenye farasi. Alikuwa na fedha, madaktari na wauguzi wa kumwangalia mchana na usiku. Hata hivyo alipofariki Oktoba 2004 alikuwa anatibiwa kidonda cha aina hii kilichokuwa kimeingiwa na maambukizo. Kama kidonda kinaweza kumfikia mtu wa namna hiyo, itakuwaje kwa kijana aliyeachiwa kiti kanisani siku ya sherehe bila mto wa kukalia na bila neno lolote la mafundisho? Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 kwamba watu waliovunjika uti wa mgongo wako katika hatari ya kufa mapema mara mbili hadi mara tano kuliko wengine, na hali ni mbaya zaidi katika nchi maskini. Maradhi yanayowaua mengi yanaweza kuzuilika.

Tofauti yake ni mtu aliyepooza kwa polio. Miguu ya huyu imesinyaa, lakini hisia zake ziko timamu. Akikaa vibaya anasikia maumivu na kujisogeza. Mikono yake na kifua chake mara nyingi vina nguvu. Kwake yeye kile kiti cha plastiki ni ukombozi hasa, na kesho yake utamkuta sokoni akifanya biashara. Tazama basi, watu wawili wamekaa kwenye foleni moja ya kanisa, wote hawatembei, wote wanatabasamu, na wote wamepewa viti vilivyo sawa. Mmoja amepewa uhai, mwingine amepewa hatari. Na anayegawa viti, kama hakufundishwa, hawezi kuwatofautisha.

Kuna wa tatu, ambaye ni mtoto. Kiti cha kawaida cha hospitali kina upana wa kama inchi 18 pale pa kukalia. Ni kiti cha mtu mzima. Mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo ukimweka humo anaelea kama embe ndani ya kapu. Anaangukia upande mmoja, na kwa kuwa misuli yake haiwezi kumrudisha, hubaki hivyo hivyo. Miezi ikipita uti wa mgongo unapinda, mapafu yanabanwa, na kumlisha kunakuwa kazi kwa sababu chakula kinampalia. Mama anayemlisha akidhani kiti ni baraka tu hatajua shida imetoka wapi.

Tujiulize pia kile kiti cha hospitali kilitoka wapi. Kiti kile cha chuma kinachokunjwa katikati kilienezwa katika miaka ya 1930 na Wamarekani wawili, Herbert Everest na Harry Jennings. Everest alikuwa ameumia mgodini mwaka 1918 na kupooza, naye Jennings alikuwa rafiki yake mhandisi. Shabaha yao ilikuwa kupata kiti chepesi kinachokunjika na kuingia ndani ya motokaa. Kwa mtu mwenye motokaa, anayeishi katika mji wenye lami na sakafu laini, ulikuwa uvumbuzi mkubwa. Lakini kichukue kiti hicho ukipeleke Manzese wakati wa masika, au kwenye mchanga wa pwani. Yale magurudumu madogo ya mbele, membamba na magumu, yanazama. Kiti kinasimama ghafla, na aliyekikalia anatangulia mbele. Si kosa la waliokibuni. Kosa ni letu tunaodhani kwamba kiti ni kiti.

Kwa sababu hizo, mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani pamoja na wataalamu wa viungo bandia walitoa mwongozo wa kutoa viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo, na mwaka 2023 ukafuata mwongozo mwingine mpya. Ule wa 2008 ulitaja hatua nane, na si vigumu kuzikumbuka. Kwanza, mhitaji atafutwe na apangiwe siku. Pili, apimwe: ana ugonjwa gani, ana hisia au hana, anaishi wapi, choo chake kikoje, mlango wake una upana gani. Tatu, achaguliwe kiti kinachomfaa. Nne, zipatikane fedha na kiti kiagizwe. Tano, kiti kitayarishwe. Sita, akalishwe na kiti kirekebishwe mpaka kimkae sawasawa. Saba, yeye na wanaomtunza wafundishwe namna ya kukitumia na namna ya kuangalia ngozi. Nane, afuatiliwe, na kiti kitengenezwe kinapoharibika.

Sasa rudi kwenye ile sherehe yetu ya kwaya na picha. Katika hatua nane, ni ngapi zilifanyika? Ukihesabu kwa huruma utapata moja na nusu.

Lakini haki itendeke. Wapo waliojifunza. Lile shirika la Bwana Schoendorfer lililaumiwa na wataalamu kwa sababu kiti chake cha kwanza kilikuwa cha ukubwa mmoja kwa watu wote. Halikuziba masikio. Baadaye likatoa viti vya ukubwa mbalimbali vinavyorekebishika, na likaanza kuwafundisha wanaovigawa huko vinakokwenda. Upo pia mpango wa Wheels for the World, ulioanzishwa na Joni Eareckson Tada, mama wa Kimarekani aliyevunjika shingo mwaka 1967 akiwa msichana wa miaka 17, alipojirusha majini mahali penye kina kifupi. Huyu ni mtu aliyekilalia kitanda chenyewe. Mpango wake hukusanya viti vilivyotumika kule Marekani, na vingi vyake hutengenezwa upya na wafungwa magerezani. Kisha kikundi cha kujitolea kinapokwenda kuvigawa hufuatana na wataalamu wa tiba ya viungo na mafundi, na kila anayekuja hupimwa na kurekebishiwa kiti chake mmoja mmoja. Kazi hiyo ni ya polepole, na watu wanaohudumiwa kwa siku ni wachache. Picha zake pengine si nyingi. Lakini hiyo ndiyo safari ya kujitolea yenye maana.

Inabaki hatua ya nane, na hiyo haiwezi kufanywa na mgeni hata awe malaika, kwa sababu mgeni ana tiketi ya kurudi. Kiti ni chombo kama baiskeli. Tairi linapata pancha, beringi zinakwisha, njiti zinakatika, fremu inapasuka. Kikiwa na magurudumu ya baiskeli yanayopatikana madukani kwetu, fundi wa chini ya mwembe atakimaliza kwa dakika ishirini. Kikiwa na beringi za kipimo kisichouzwa hapa, siku inapoharibika moja tu, kiti chote kimekufa. Hapo ndipo unapokuta kiti kizuri kimeegemezwa nyuma ya nyumba, kuku wanatagia juu yake, na mwenyewe amerudi chini.

Wapo waliolitambua hilo mapema. Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alikwenda Nicaragua mwaka 1980 na kufanya kazi na vijana walemavu kule. Tangu hapo alishika njia ya kuwafundisha walemavu wenyewe kutengeneza viti kwa mabomba ya chuma na vipuri vinavyopatikana katika miji yao. Alijifunza kwao kama walivyojifunza kwake. Moja ya vitu vilivyotumika katika viti vyake ni gurudumu la mbele la mpira mpana lisilozama kwenye mchanga, nalo huitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa maana lilibuniwa huko. Uingereza nako, David Constantine, aliyepooza kwa ajali ya kupiga mbizi mwaka 1982, aliasisi pamoja na mwenzake shirika la Motivation mwaka 1991, na kazi yao ya kwanza ikawa Bangladesh. Wao walieneza kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu moja mbele, mbali kidogo na miguu, ambacho hakipinduki ovyo kwenye njia mbovu.

Na hapa kwetu je? Moshi, katika eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia, na Motivation walishirikiana nacho kuwafundisha mafundi wa viti vya magurudumu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Nairobi kuna chama cha walemavu wa viungo, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, chenye karakana inayounda viti. Kwa hiyo si kweli kwamba ujuzi huu hutoka ng'ambo tu. Ujuzi tunao, ingawa hautoshi. Kinachouumiza ni kwamba fundi wa hapa anayeuza kiti kwa gharama ya chuma chake na jasho lake hawezi kushindana na kontena la bure. Kontena likishamwondoa sokoni, na lenyewe likiisha, hubaki nani?

Ndugu msikilizaji, utaniuliza, sasa sisi tufanye nini? Tuwakataze wageni wasije? La hasha. Mgeni mwenye moyo mwema hafukuzwi, huonyeshwa njia. Kama parokia yako, usharika wako au msikiti wako umeandikiwa barua kwamba wageni watakuja na viti, wazee wa hapo wana haki, tena wana wajibu, kuuliza maswali machache kabla ya kujibu barua hiyo.

Waulize: viti ni vya ukubwa gani, na vya watoto vimo? Kila kiti kina mto wake wa kukalia, na kwa wasio na hisia ni mto wa namna gani? Katika kikundi chenu nani ni mtaalamu wa kupima? Kama hayupo, mko tayari kumlipa wa hospitali yetu ya mkoa afanye kazi nanyi? Magurudumu na beringi ni za vipimo vinavyopatikana hapa? Mtatuachia vipuri kiasi gani, na mtamfundisha fundi yupi? Baada ya wiki sita nani atawatembelea waliopewa, na orodha yao itabaki kwa nani? Mgeni mwenye nia njema hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi, kwa sababu yatamwonyesha kwamba amekuja kwa watu na si kwa picha.

Nasi tusiishie kuuliza tu. Baadhi ya kazi zile nane ni zetu peke yetu. Ni sisi tunaojua mtoto gani amefichwa chumba cha uani. Ni sisi tunaoweza kumtembelea kijana yule na kumkumbusha mama yake aiangalie ngozi kila jioni, na kumhimiza kijana ajinyanyue kwa mikono au ainame mbele mara kwa mara, mara kadhaa katika kila saa. Hilo halihitaji dola wala kontena. Ni sisi tuliojenga kanisa lenye ngazi saba mlangoni na choo chenye mlango wa kupita kwa ubavu. Mtu amepewa kiti ndani ya uwanja wa kanisa, na kanisani kwenyewe hawezi kuingia mpaka abebwe kama gunia.

Na serikali isijifiche nyuma ya sadaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu uliopitishwa mwaka 2006 unataja katika kifungu chake cha 20 kwamba mlemavu ana haki ya kusaidiwa kujongea kwa kadiri anavyoweza, kwa gharama anayoimudu. Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Kinachoitwa haki hakiwezi kusubiri likizo ya muumini wa California. Ama hospitali ya mkoa iwe na fundi, mto na vipuri, ama sahihi ile iwe ya wino mtupu.

Namalizia pale nilipoanzia. Siku ya kumi na moja wageni wameondoka na kwaya imenyamaza. Yule kijana yuko nje ya nyumba yao kwenye kiti kipya. Tairi la kulia limeanza kupungua upepo, na chini ya mapaja yake, mahali asipopahisi, ngozi imeanza kubadilika rangi. Kama kuna fundi mtaani anayekijua kiti kile, na jirani anayejua pa kuangalia, basi zawadi ile iliyovuka bahari imefika. Kama hawapo, bado iko njiani.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.